Tangi Hujaa kwa Mvua Moja: Tuliyojifunza Kuhusu Maji ya Paa na Bustani za Mombasa

Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Hesabu yote inaanzia hapo. Chukua nyumba ya kawaida ya Kisauni au Likoni, urefu mita 8, upana mita 6, paa la mabati la migongo miwili. Ukifunga gata (mfereji wa ukingo wa paa unaokinga maji) upande mmoja tu, unakinga mita 24 za mraba. Pima kwa chini, usawa wa ardhi, wala usifuate mteremko wa bati, maana mvua haijali bati limelala vipi. Toa moja ya tano kwa maji yanayoruka, yanayokauka kwenye bati lenye moto na yanayomwagika kwenye kona. Basi mvua ya milimita 10, ile ambayo mtu hujibanza kibarazani ikapita akaendelea na safari yake, inakuletea kama lita 190, yaani pipa moja. Mvua ya milimita 50 ni karibu lita 1,000.

Mombasa hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, na mwezi wa Mei peke yake mara nyingi hupita 200. Ndipo watu wengi wanapokosea. Mtu akiona hesabu ya Mei anakwenda kununua tangi kubwa kadiri ya mfuko wake, na Mei bustani haina kiu. Kiu iko Januari na Februari, kaskazi inapovuma, udongo umegeuka unga na mchicha unanyauka kabla ya adhuhuri. Wakati huo mvua ya mwezi mzima huenda isifike milimita 20, tena huja kidogokidogo, na mvua ya milimita 2 haitoki hata mwisho wa gata. Kwa hiyo tangi usilipime kwa mvua. Lipime kwa siku za ukame zilizo kati ya mvua moja na nyingine.

Matuta ya mboga katika jua la pwani hunywa kama lita 4 kwa mita ya mraba kwa siku. Matuta matatu ya mita 4 kwa mita 1 ni mita 12 za mraba, ambazo ni lita 48 kwa siku, mitungi miwili na nusu ya lita 20. Tangi la lita 1,000 litakupeleka siku 20. Ukitaka kuvuka Januari hadi Machi bila tone kutoka kwingine, unahitaji zaidi ya lita 4,000, na hapo wengi hawafiki, kwa nafasi au kwa pesa. Ushauri wetu ni kwamba usijaribu. Tangi la lita 1,000 au mapipa manne ya lita 200 yatafunika mapengo ya wiki mbili tatu wakati wa masika, mchoo (mvua ndogo zinazofuata masika) na vuli, ambayo ndiyo mapengo yanayoua miche. Ukame mrefu wa kaskazi utashughulikiwa kwa njia nyingine, tutaifikia.

Jambo moja limejirudia katika kila nyumba tuliyoona: tangi lenyewe haliharibiki. Kinachoharibika ni pale maji yanapoingia, yanapotoka, yanapofurika na pale linapokaa.

Tuanze juu. Bati zuri kwa maji ni bati lolote lisilo na rangi inayobambuka. Kutu haina madhara kwa mimea, inachafua maji tu, na hewa yetu ya chumvi hailikosi bati hata moja. Paa la makuti hutoa maji ya rangi ya chai yenye vipande vipande. Mimea haidhuriki, ila chujio litakusumbua na maji utakayopata ni machache, kwa sababu makuti yenyewe hunywa kwanza. Paa la zege hufaa sana, ila uliza kwanza nani anafulia nguo huko juu. Maji ya sabuni yakishuka na mvua, povu utaliona kwenye pipa. Paa la zamani la asbesto liache kabisa: usilitoboe, usilikate, usilisugue.

Miti ndiyo inayoamua kazi yako itakuwa kubwa kiasi gani. Jani la mkungu ni pana, hukaa juu ya wavu na unaliondoa kwa mkono. Majani ya mwarobaini ni madogo lakini yanaelea. Ubaya uko kwa mvinje. Vijiti vyake vyembamba hupita kwenye wavu wa kawaida kimoja kimoja kama sindano, kisha ndani ya kiwiko cha paipu hulala msalaba, kimoja hushika kingine, na baada ya wiki chache pamesokotwa kitu kama kiota. Ukiona gata inafurika juu ilhali paipu ya kushuka haitoi kitu, na jirani ana mvinje, usihangaike na gata; fungua kiwiko cha kwanza. Na kunguru, hao hatuwezi kuwaambia kitu. Wanatua kwenye ukingo wa paa, wanachafua, na wengine huangusha mifupa na vipande vya samaki walivyookota sokoni. Hii ndiyo sababu kubwa ya kuyaondoa maji ya mwanzo ya kila mvua, na ndiyo sababu maji haya ni ya bustani, si ya kunywa. Mboga zinazoliwa mbichi mwagilia chini kwenye udongo, usimwagie majani.

Gata ifungwe kwenye ubao wa ukingo ulio mzima. Ukiwa umeoza badilisha ubao kwanza, kwa kuwa gata ya plastiki iliyojaa maji na majani ina uzito ambao misumari kwenye mbao laini haiwezi kuubeba. Vishikio viwe kila sentimita 60. Dukani utaambiwa mita moja inatosha, na inatosha mpaka mvua ya kwanza ya Mei. Mteremko uwe sentimita 1 kwa kila mita 2, hivyo gata ya mita 8 inashuka sentimita 4 kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Usiuamini ubao wenyewe kuwa uko sawa, na wala usikadirie kwa jicho. Chukua paipu nyembamba inayoonyesha ndani, itie maji, mmoja ashike ncha huku na mwingine kule; maji yatakuonyesha usawa bila kudanganya. Weka alama, funga uzi wa fundi, ndipo upige vishikio. Gata ikipinda katikati maji hutuama pale, na maji yaliyotuama kwenye gata ni mazalio ya mbu yaliyo juu kuliko macho ya mtu yeyote. Bati litokeze sentimita 3 hadi 5 ndani ya gata. Likizidi, mvua kubwa inaruka gata yote na kwenda uani.

Sasa maji ya mwanzo. Baada ya siku nyingi za jua, paa limebeba vumbi, chumvi ya bahari na kazi ya kunguru. Nusu milimita ya kwanza ya mvua huosha sehemu kubwa ya hayo. Kwa paa letu la mita 24 hiyo ni lita 12. Njia rahisi ni kuweka tii (kiungio cha njia tatu) ya inchi 4 kwenye paipu ya kushuka kabla haijafika tangini, kisha kuteremsha kutoka kwenye ile tii kipande cha paipu ya inchi 4 kilichosimama, chenye kifuniko cha kufungua kwa mkono chini. Paipu ya inchi 4 hubeba kama lita 8 kwa kila mita, kwa hiyo mita 1.5 ni lita 12 zako. Maji machafu hujaza kipande hicho kwanza. Kikishajaa, yanayofuata hupita juu yake kwenda tangini.

Kinachowashinda watu hapa ni tundu. Kipande hicho lazima kijimwage chenyewe baada ya mvua, la sivyo mvua inayofuata inakikuta kimejaa na uchafu wote unapita moja kwa moja. Kwa hiyo kifuniko hutobolewa. Lakini kitobolewe kiasi gani? Tumekuta vifuniko vilivyotobolewa kwa drili ya milimita 6 na mwenyewe analalamika tangi halijai. Tundu la milimita 6 chini ya mita 1.5 za maji hupitisha zaidi ya lita 5 kwa dakika, ambazo ni zaidi ya lita 300 kwa saa. Mvua ya milimita 10 kwa saa juu ya paa lako inaleta chini ya lita 200. Maana yake mvua yote imeingia kwenye paipu ya taka ikatokea chini, na tangi halikuona kitu. Tundu la milimita 2, la msumari mwembamba uliopashwa moto, hupitisha kama nusu lita kwa dakika tu, na paipu inajimwaga chini ya saa moja. Tatizo la tundu dogo ni kuziba. Ndiyo maana kifuniko kiwe cha kufungua: kila baada ya mvua mbili tatu kifungue, mwaga tope, pitisha sindano kwenye tundu, funga. Dalili kwamba limeziba ni maji ya tangi kugeuka rangi ya kahawia ghafla katikati ya masika, wakati paa limeshaoshwa siku nyingi. Maji yale ya taka, kwa njia, hayana haja ya kupotea. Weka mgomba chini yake.

Mvua ya kwanza baada ya kaskazi ndefu ni kitu tofauti. Nusu milimita haitoshi. Ondoa paipu ya kuingilia tangini, ielekeze uani, na uache mvua nzima ya kwanza ipite. Inauma kuyaona maji yakienda baada ya miezi ya kununua ya mkokoteni, lakini ukiyaingiza utakaa nayo, na harufu yake pia.

Kuhusu chombo chenyewe hatuna mengi. Tangi jeusi la plastiki linazuia mwanga, na bila mwanga mwani hauoti. Mapipa ya buluu ya lita 200 ni nafuu na yanafaa, lakini muulize muuzaji lilikuwa na nini, kisha usimwamini: nusa, tazama lebo, na kama lilikuwa na dawa au kemikali yoyote liache hata likiwa bei ya bure. Lililokuwa na mafuta ya kula au maji ya matunda lioshwe kwa maji moto na sabuni, lisuuzwe mara tatu. Pipa la rangi nyeupe litaota ukijani ndani ya wiki kadhaa. Lipake rangi nyeusi nje au livishe gunia.

Chini ya chombo ndipo penye hatari ya kweli. Lita 1 ni kilo 1. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani moja iliyokaa juu ya duara lisilofika mita moja ya mraba, na sehemu nyingi za Kisauni, Bamburi na Mtopanga ardhi ni mchanga. Chimba sentimita 15, jaza vipande vya mawe ya matumbawe, shindilia kwa kurudia, kisha mwaga zege la sentimita 10 lenye wavu wa chuma, pana kuliko tangi sentimita 15 kila upande. Liache zege wiki moja, ukilimwagia maji, kabla ya kulibebesha. Sehemu yote ya chini ya tangi la plastiki lazima iguse kitu. Ukiliweka juu ya mbao zenye mapengo, plastiki itabonyea katikati ya mbao na joto letu litamalizia: ufa hutokea chini, pembeni mwa ubao, mahali ambapo huwezi kupaziba. Mbao za kawaida pia zina mchwa. Boriti za mikoko ni ngumu, lakini mikoko ina kazi yake pwani, wacha tuiachie.

Ukitaka mwinuko, jenga kwa matofali ya simiti. Sentimita 50 zinatosha debe la kumwagilia likae chini ya mfereji, ile koki ya kuchotea maji. Wengi huinua mita 2 wakitumaini nguvu ya maji kama ya bomba la mji. Kila mita 1 ya mwinuko inakupa sehemu ya kumi tu ya baa moja (baa ni kipimo cha nguvu ya msukumo wa maji), hivyo mita 2 zinatoa 0.2, na paipu nyingi za kudondoshea zinazouzwa kwa mashamba makubwa hutaka karibu baa moja. Hazitafanya kazi. Nunua zile zilizotengenezwa kwa tangi la kimo cha mita moja, au tumia mpira wa kawaida. Tangi tupu la plastiki nalo ni jepesi. Upepo wa kusi umeshaliona likipita barabarani. Liache daima na sentimita 10 za maji, au lifunge kamba.

Mfereji uwekwe sentimita 10 juu ya sakafu ya tangi ili tope libaki chini. Watu huuweka chini kabisa ili wasipoteze hata lita moja, matokeo yake wanachota tope na kuziba mipira. Tundu likatwe kwa msumeno wa duara, ukubwa sawasawa na kiungio, si kwa kisu kilichopashwa moto: kisu huacha ukingo wa mawimbi na raba haiketi. Washa (pete) za raba zikae ndani na nje, nati ikazwe kwa mkono kisha nusu mzunguko kwa spana, basi. Plastiki hutanuka mchana na kunywea usiku. Ukiikaza kupita kiasi itapasuka penye tundu baada ya miezi. Mfereji wa shaba unapendeza, ila una wapenzi wengi, na wanapita usiku na gunia. Wa plastiki unadumu zaidi kwa sababu hauna mnunuzi.

Tumefika kwenye mafuriko ya tangi, nayo ndiyo sehemu inayosahauliwa kuliko zote. Mvua nzito ya milimita 60 kwa saa juu ya mita 24 ni kama lita 24 zinazoingia kila dakika. Tangi likishajaa, lita 24 hizo lazima zitoke. Paipu ya nusu inchi ambayo mafundi wengi huiweka juu ya tangi hupitisha kama lita 6 kwa dakika maji yakiwa sentimita 10 juu yake. Zilizobaki zinanyanyua kifuniko, zinararua wavu, zinamwagika kandokando ya tangi na kuchimba mchanga chini ya zege lako. Tangi huanza kuinama upande mmoja, na likiinama upande huohuo ndio unaomwaga zaidi. Paipu ya kufurikia iwe kubwa sawa na ya kuingilia, au isipungue inchi 2, na isiishie pale chini ya tangi. Ipeleke mita 3 au zaidi mbali na msingi wa nyumba, kwenye shimo la mgomba au mpapai lililojazwa makapi. Nyumba nyingi zetu za mawe ya kuchimba na udongo hazipendi maji kwenye msingi, na shimo la choo la jirani halipendi pia.

Mwisho wa paipu hiyo ufungwe wavu wa mbu. Watu hufunika tangi vizuri juu, wakaacha paipu ya kufurikia wazi, na mbu hupitia hapo kama mlangoni. Mbu tunayemzungumzia hapa ni yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana, anayependa maji safi yaliyotulia kuliko mitaro. Ndiye anayeeneza homa ya dengi na chikungunya, na Mombasa imeshaonja zote mbili: dengi mwaka 2013, chikungunya kuanzia mwisho wa 2017 hadi 2018. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni siku 7 hadi 10 katika joto letu. Kwa hiyo fungua kifuniko mara moja kwa wiki, na tochi. Tulia. Mabuu huning'inia chini ya uso wa maji kichwa chini, kama vipande vya uzi mweusi, mkia ukigusa juu wakivuta pumzi. Gonga ubavu wa pipa: yote yanajikunja na kuzama kwa mtikisiko, kisha moja moja yanapanda tena. Ukiyaona, wavu una tundu mahali. Mwaga maji yote bustanini, kwani mabuu kwenye udongo mkavu hufa, na usugue kuta za ndani kwa brashi ngumu. Kusugua kuna sababu: mayai yake hugandishwa ukutani juu kidogo ya usawa wa maji na hustahimili ukavu kwa miezi, yakingoja maji yapande tena. Kumwaga peke yake hakuyaondoi. Wavu uwe wa matundu yasiyozidi milimita 1, wa nailoni au faiba. Wa chuma cha kawaida chumvi ya hewa huula ndani ya msimu. Mafuta ya taa ambayo wengine hutia yanaunguza mimea. Samaki wadogo hufanya kazi vizuri kwenye birika la wazi, na misikiti ya kale ya Lamu ilijua hilo, lakini kwenye pipa jeusi lililofungwa watakufa.

Mapipa mengi yanaunganishwa chini, si juu. Toboa kila pipa sentimita 10 kutoka chini, unganisha kwa paipu ya inchi 1, na usawa wa maji utakuwa mmoja kwa yote. Ukiunganisha juu, la kwanza hujaa likamwagia la pili, na kila moja linataka mfereji wake. Sharti ni moja: yote yakae kwenye kimo kilekile. Pipa lililo chini kwa sentimita 10 litamwagika wakati wenzake bado hawajajaa. Na weka koki kati ya pipa na pipa, maana moja likipata ufa bila koki yote yanne yanakwisha usiku huo.

Kuna wanaotaka kuchimba chini. Si wazo geni hapa; ndani ya Fort Jesus, iliyojengwa kuanzia 1593, kuna birika la maji ya mvua. Lakini jiwe la matumbawe lina matundu, karibu na ufuo maji ya chumvi yako karibu, na mashimo ya vyoo yapo kila kiwanja. Birika la chini linahitaji fundi wa kweli, lipu ya kuzuia maji ndani, na kifuniko kizito ambacho mtoto hawezi kukisogeza. Tangi la plastiki la juu ya ardhi usilifukie: likiwa tupu udongo hulibana likakunjika. Kwa matuta matatu ya mchicha, hatuoni haja.

Rudi sasa kwenye kaskazi. Nyumba nyingi za Mombasa zina kisima jirani, na maji yake ni ya chumvi. Mboga huonyesha upesi: kingo za majani huungua, na ukoko mweupe hutokea juu ya udongo. Hapa maji ya mvua yana thamani kuliko lita zake. Changanya nusu kwa nusu, chumvi inapungua kwa nusu na tangi la siku 20 linakuwa la siku 40. Tena usigawe sawa kwa wote. Maji ya mvua matupu wape miche, vitunguu, karoti na maharagwe, hawa hawavumilii chumvi. Spinachi inavumilia mchanganyiko, na mnazi huna haja ya kuuonea huruma. Maji yenye chumvi yapitie chini, kamwe usiyanyunyize juu ya majani mchana. Visima vyetu vilevile vina chokaa ya matumbawe. Majani machanga yakigeuka njano huku mishipa yake ikibaki kijani, huo mara nyingi ni upungufu wa madini ya chuma unaoletwa na chokaa, na kuongeza samadi peke yake hakutauondoa. Wiki chache za maji ya mvua husaidia.

Na ufunike udongo. Makumbi ya nazi yakipangwa tumbo chini kati ya mistari, au yakizikwa sentimita 20 chini ya tuta kabla ya kupanda, hushika maji kama sifongo, na mchanga wetu hauna kitu kingine cha kuyashikia. Mwagilia alfajiri au baada ya alasiri, mara kwa mara kidogokidogo, kwa kuwa mchanga ukimwagiwa mtungi mzima kwa mara moja unayapitisha maji chini ya mizizi. Ila uliza makumbi yametoka wapi. Yaliyolowekwa baharini kwa ajili ya kusokota kamba yamejaa chumvi, na ukiyazika utakuwa umeharibu tuta kwa mikono yako mwenyewe. Yaloweke kwanza kwa maji ya mvua, umwage, urudie mara mbili.

Usafi wa mwaka hufanywa Machi, kabla masika hayajaingia, tangi likiwa karibu tupu. Toa tope la chini, ambalo ni mbolea nzuri kwa mpapai. Sugua kuta. Panda ngazi uiondoe takataka ya gata, angalia kila kishikio, fungua viwiko, badilisha wavu uliochakaa hata kama unaonekana unafaa, tia sindano kwenye tundu la milimita 2. Kisha mwaga ndoo moja ya maji juu ya paa upande ulio mbali na paipu ya kushuka, ushuke chini usikilize. Maji yakichukua zaidi ya dakika moja kufika, kuna mahali yametuama, na ni rahisi kupatafuta leo kuliko usiku wa mvua.